Lami Haikuimba

Mmmmm. Sauti nzito, kama nyuki waliofungiwa ndani ya mzinga, ikianzia chini ya miguu yangu na kupanda hadi kwenye meno. Hata leo nikiikumbuka, damu inanichemka.

Enzi zetu sisi watoto wa Mogogosiek, lami ilikuwa kitu cha kutembelewa. Kwetu ni murram tupu, barabara ya udongo na changarawe, na kwenye murram pikapu ya Baba ilipiga kelele za kila aina: mitungi ya maziwa, mawe, mlango uliofungwa kwa waya. Tulipoingia kwenye lami kando ya mashamba ya chai, kelele hizo zilikoma, ukabaki wimbo ule mmoja. "Lami ndiyo inaimba," Baba alituambia. Tukaamini. Mimi, mtoto wa kuota ndoto mchana, niliutungia maneno, nikawafundisha wenzangu tukiruka kamba.

Nilipofika darasa la tano ndipo nikaanza kusikiliza vizuri. Tukikata kona ya kulia, wimbo ulipanda. Ya kushoto, ulishuka. Lami gani hiyo inayochagua kona? Na mbona lori la majani chai likipita hapo hapo haliimbi? Gurudumu la mbele, la kushoto, lilikuwa gonjwa.

Wiki hiyo Mama alikuwa mzito, siku zake zimekaribia, na Jumatatu angepelekwa hospitali Kericho kwa pikapu hiyo hiyo. Nikamwambia Baba. Akamwita Arap Langat, dereva wa trekta, fundi wetu wa kila kitu. Alilipiga tairi teke moja, akacheka.

"We Chebet, tangu lini msichana akajua beringi? Enda jikoni, maziwa yatamwagika!"

Baba naye akacheka. Kicheko chake ndicho kiliniuma. Wakaingia ndani kunywa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni.

Nikaweka mawe nyuma ya magurudumu, nikapiga jeki. Nilishika tairi juu na chini, kama nilivyomwona Arap Langat mwenyewe akifanya kwa trela. Nikavuta, nikasukuma. Tak. Tak. Nikalizungusha, mkono mwingine kwenye springi, nikahisi mkwaruzo kama wa mahindi kwenye jiwe la kusagia. Sikuita mtu. Nilichomoa mkono wa jeki, ambao bila huo gari halishuki, nikaurusha katikati ya michai kwa nguvu zangu zote.

Baba alitoka na fimbo. "Mkono wa jeki uko wapi?"

Nikamwonyesha gurudumu. "Tingisheni kwanza."

Mama akajitokeza mlangoni, mkono kiunoni. "Arap Langat, si utingishe tu? Ni mimi nitakaa humo."

Akatingisha. Tak. Hakuna aliyecheka. Walipofungua, grisi ilitoka nyeusi, ina chembe za chuma, na vile vigololi vinavyobeba gurudumu vilikuwa vimemeguka.

"Mimi nilijua tangu juzi," Arap Langat akasema. Alijua! Na Baba akampa kibuyu kingine. Mimi nikatumwa kutafuta mkono wa jeki.

Watoto wa siku hizi gari linalia chini yao, wao wamefungua redio mpaka vioo vinacheza, wanangoja taa nyekundu ya dashibodi iwake ndio washtuke. Nawacheka sana. Lakini juzi binti wa jirani alisema gurudumu linalia, na baba yake akashika jeki bila neno. Nilimwonea wivu mtoto wa watu. Masikio tulikuwa nayo sisi. Wa kutusikiliza ndiye alikosekana.

Beringi mpya ilinunuliwa mjini. Jumatatu lami ilinyamaza njia nzima hadi Kericho, na hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza wimbo umeenda wapi. Siku chache baadaye Mama akarudi na ndugu yangu Kiprono mikononi. Wote wakimzunguka mtoto, nilienda kwenye nyasi walikoitupa ile beringi ya zamani, nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikaiweka karibu na sikio, nikaizungusha polepole kwa kidole.