Mkasi na Ubeti wa Shangazi

Mtaani wanamwita Mkasi, ingawa mikasi yote ya jengo hili ni yangu. Mimi ni fundi cherehani wa chumba cha mbele. Yeye yuko chumba cha nyuma na kompyuta yake, spika mbili na magodoro yaliyopigiliwa ukutani kuzuia kelele. Kazi yake ni kukata sauti. Watu wanaimba, yeye anapunguza: pumzi iliyozidi, kikohozi, kiti kilicholia. Akiwasha taa nyekundu ya mlangoni, mimi naacha kushona hata kama mteja amenisimamia kichwani. Wateja wangu wamenuna mpaka wamezoea.

Ana tabia moja inayoniudhi na kunichekesha. Anaanza kurekodi kabla hajamwambia mtu. Mwimbaji bado anajaribu hedifoni, anakunywa maji, anapiga soga, kumbe mashine inameza kila kitu. Taa anaiwasha baadaye, akisema, "Haya, tayari." Nikimuuliza takataka zote zile za nini, anabetua midomo tu.

Basi, Jumamosi moja mambo yalimwendea kombo. Shangazi yake, aliyeitikia nyimbo za watu wengine maisha yake yote, hatimaye alikuwa amerekodi wimbo wake mwenyewe, na redio ilikuwa imeahidi kuupiga jioni hiyo. Lakini kwenye ubeti wa mwisho, pale sauti inapopanda, kikohozi kilikuwa kimeingia katikati ya neno. Na wa kurudia nani? Shangazi alikuwa ameamka sauti imemkauka, anaongea kwa kunong'ona.

"Mtangazaji anasema nikichelewa anaweka wa mtu mwingine," Mkasi aliniambia aliponiita chumbani kwake, macho yamemtoka.

"Si ukate hicho kikohozi?"

"Nikikikata kinaondoka na neno, fundi!"

Shangazi alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, akijifanya hajali. Nilimhurumia, tena sana.

"Mwambie aweke huo mwingine," alinong'ona. "Mimi nimeshazoea." Akatoka akaenda kukaa chumbani kwangu.

Maneno hayo yalimchoma Mkasi. Akaigeukia skrini, akashika kwa kipanya ukingo wa mwanzo wa kipande cha sauti, akauvuta kushoto. Kipande kikarefuka! Mimi nikikata kitambaa vibaya, kimekwenda na maji. Kumbe yeye kukata kwake ni kama kukunja pindo: kilichokunjwa kipo palepale, ukifumua unakikuta. Zikatoka takataka zote, maji yakimiminwa, mkufu ukigonga maiki, halafu shangazi akijaribu hedifoni huku anaimba mwenyewe, kwa raha zake, ubeti uleule wa mwisho.

"Huyo! Huyo!" nilipiga kelele utadhani niko uwanjani.

Furaha ikakatika ghafla. Nyuma ya sauti yake, trrrr, cherehani yangu. Taa ilikuwa haijawashwa, ningejuaje?

"Umeniua, fundi."

"Subiri kwanza. Siku ile nilikuwa nashona kola. Kwenye pembe lazima nisimame, nigeuze kitambaa, ndiyo niendelee. Hebu sikiliza vizuri."

Akasikiliza. Trrrr, kisha kimya. Na ndani ya kimya kile sauti ya shangazi ikapanda, safi kabisa, ikalibeba neno lote, ikashuka. Trrrr tena. Mkasi alicheka mpaka akapiga meza! Akakata pembe hadi pembe, akalihamisha neno, akalaza ncha juu ya ncha ili kiungo kisisikike. Akasogeza kidogo. Bado. Kidogo tena. Hapo! Moyo ulinienda mbio kana kwamba wimbo ni wangu. Akautuma, na mtangazaji akajibu kwamba ameupata.

Jioni tuliwasha redio chumbani kwangu. Mtangazaji alitaja jina la shangazi, lake peke yake, na Mkasi akanifinya mkono mpaka ukauma. Ubeti wa mwisho ulipofika, shangazi aliinua kichwa, uso umemshuka.

"Mmeniwekea mtu mwingine," alinong'ona. "Nani huyo?"

"Ni wewe, shangazi. Ni pale ulipokuwa unajaribu hedifoni, kabla sijakwambia uimbe."

Shangazi alisogea akaweka sikio karibu na redio mpaka wimbo ukaisha.

"Miaka yote hii," alisema, "sijawahi kumsikia."