Mbao Tatu za Daraja Letu

Gurudumu la mbele liliingia kwenye tundu, pikipiki ikalala upande, na mimi nikajikuta nimeng'ang'ania chuma cha daraja kwa mkono mmoja, mtoto analia mgongoni. Chini maji. Mbao tatu hazikuwepo, mtu alikuwa amezing'oa. Hapo ndipo nilipochoka.

"Mama, shukuru Mungu, twende," mwenye pikipiki alisema.

"Mungu nitamushukuru. Mwizi naye nitamutafuta."

Daraja hili la njia ya Wamaza tulijengewa na askari wa kulinda amani, wa nchi ndogo ya ng'ambo ya bahari. Watu walicheka: "Inchi ya vile nayo inatuma askari?" Ilituma. Walikunywa majani machungu kwa mrija wa chuma, kibuyu kimoja kikizunguka, mkubwa na mdogo. Sajenti wao alituambia kupitia mkalimani: "Kwetu tuko wachache, lakini wakituita, tunakwenda." Alisema hivyo kifua mbele, na nilimpenda kwa hilo.

Wanaume wetu walikuwa Salamabila kwenye dhahabu, kwa hiyo mchanga tulibeba sisi wanawake. Mimi nilikuwa na mimba. Sajenti alinikataza kubeba, akanipa ufunguo mkubwa wa bulon, spana ya kukazia vyuma vinavyoshika mbao, akanionyesha kukaza. Walipoondoka waliniachia. Tangu siku hiyo, kila salongo, tukikusanyika kwa kazi ya kijiji, mimi ndiye ninayekaza. Mvua zote hizi daraja halijatikisika. Najivuna, ndiyo. Kwa nini nisijivune?

Mbao nilizikuta jioni ileile kwenye nganda mpya, baa ya mkubwa mmoja wa kijiji. Wanywaji walikuwa wamezikalia. Matundu ya bulon yalikuwa wazi kabisa.

"Muzee, hizi mbao ni za daraja."

"Askari walishakwenda, bibi. Ni wewe sasa kamanda?"

Wakacheka wote.

"Ni miye," nikasema.

Kesho yake nilivuka kwa miguu, nikapanda pikipiki hadi Kabambare, kwenye ofisi ya territoire, kwa Administrateur anayetawala wilaya yetu. Karani alinishauri tuyamalize kijijini. Nilikataa. Shule nilimaliza, nikaandika mwenyewe:

"Bwana Administrateur, namshtaki mtu aliyeng'oa mbao tatu za daraja letu akazifanya viti vya nganda. Mwanangu nusura aanguke mtoni. Watu wa nchi ndogo walitoka mbali kutujengea. Sisi tunashindwa hata kulinda? Naomba mbao zirudishwe kabla ya mvua. Fundi msitafute. Ufunguo niko nao, nitakaza mwenyewe."