Njia ya kumrudisha Marwa

Nisameheni wenzangu wa kazi, tangu asubuhi mnauliza kikao cha vijana kilikwendaje na mimi kimya.

Nilikuwa namficha Marwa, yule aliyemkata mwenzake panga, mahakama ikamweka chini ya uangalizi wetu.

Kikao kimeanza tu, nikamwona mlangoni baba wa aliyekatwa. Ana mkungu wa ndizi na anatabasamu!

"Shikamoo baba."
"Marahaba mama. Huyu mura, huyu kijana wa Matongo, hurudi kwao kwa njia gani?"

Mwanangu mgongoni akaanza kulia.

"Kwani vipi, baba?"
"Asipite mtoni. Wanangu wanamngoja huko. Apite barabara ya juu."

Jamani, anamwokoa au anampeleka mtegoni? Nilimtazama usoni, yeye akatazama ndizi zake.

Nikasema asante. Marwa hakupita mtoni wala juu. Amekula, amelala, na sisemi wapi. Ndizi alizoniachia sijazigusa.

Ninyi mngemwamini?

Nitumieni godoro, blanketi, bodaboda wa kumrudisha kwao, asiyetoka Matongo, mwenye helmeti ya kufunika uso, na mtu mmoja ambaye wale vijana wa mtoni watamsikiliza.