Suti Isiyoshoneka

Wapanda mawimbi wa ufukwe ule walimwita Fundi tu, na huyo Fundi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mwenye mgongo uliokwisha kumkataa. Kazi yake ilikuwa kushona na kubandika zile suti nyeusi za mpira wanazovaa wakiteleza baharini juu ya mbao zao. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la dobi: cherehani, meza ndefu ya kukatia, na harufu ya gundi iliyomfuata hadi kitandani. Marehemu mumewe alizoea kumtania kwamba ameoa tairi.

Asubuhi papa alipomng'ata Baba Pacha, mmoja wa wapanda mawimbi hao, Fundi alisikia makelele ya watu ila hakutoka. Habari zilimfikia kwa wateja. Jamaa alikuwa amekaa juu ya ubao akisubiri wimbi, papa akamdaka paja. Wenzake walimpiga yule samaki kwa mbao zao mpaka akaachia, wakamvuta mwenzao hadi mchangani. Hospitali wakamshona, wakauokoa mguu.

Siku chache baadaye mkewe, Mama Pacha, akaja na mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mgonjwa."

"Nimeshapoa. Lakini namjua mume wangu, atakuja kukuomba umshonee hii. Mwambie haishoniki. Nakuomba, mama."

Fundi akaifungua suti. Meno yalipita pajani, na madaktari walimalizia kwa mkasi hadi kiunoni. Alishawahi kushona zilizoraruka vibaya zaidi. Ila macho ya Mama Pacha yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na Fundi mwenyewe hakuwa na nguvu ya kubishana.

"Haya. Haishoniki," akasema, akaisukuma chini ya meza.

Miezi ikapita. Ndipo Baba Pacha akaja, akichechemea.

"Suti yangu iko kwako?"

"Ipo, lakini haishoniki."

Fundi alitegemea ugomvi. Badala yake mwanamume akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia, akavuta kigoda, akaketi bila kukaribishwa.

"Afadhali. Basi wenzangu wa majini wakikuuliza, waambie hivyo hivyo."

Fundi akaondoa mguu kwenye cherehani. "Kwani hutaki kurudi majini?"

"Nikisikia tu bomba la bafuni linafunguliwa, moyo unataka kunitoka. Lakini kila nikitoka nje: 'Simba, lini tena?' Wale walihatarisha maisha kunitoa mdomoni mwa papa. Nitawaambiaje naogopa? Na mke wangu ndiye wa kwanza kuniona shujaa."

"Amekwambia hivyo?"

"Hasemi kitu. Ananitazama tu."

Kicheko kilimjia Fundi, akakosa nguvu ya kukicheka. Uchovu wa mwili alishauzoea. Kubeba siri mbili za nyumba moja, zote zikisema neno lile lile, kulimshinda.

"Sikiliza, baba. Mkeo alitangulia kuja hapa, na maneno yake ndiyo haya yako. Suti inashoneka vizuri tu. Nimedanganya kwa ajili yake, sasa unataka nidanganye na kwa ajili yako. Nendeni mkaongee. Mimi ni fundi wa mpira, si wa ndoa."

Machozi yakaanza kumtoka Baba Pacha. Fundi akampa kitambaa.

"Kinanuka gundi," akasema kwa sauti ya puani.

"Najua."

Yaliyotokea nyumbani Mama Pacha alikuja kuyasimulia mwenyewe. Kwanza alimfokea mumewe, maana miezi yote hiyo yeye alikuwa hapati usingizi. Kisha wakalia wote wawili mpaka watoto wakaja kuuliza nani amekufa. Wenzake wa majini Baba Pacha aliwaambia mwenyewe. Mmoja alinuna. Mwingine, aliyempiga papa kwa nguvu kuliko wote, akakiri kwamba tangu siku ile naye anaingia majini roho mkononi.

Siku hizi Baba Pacha hukaa mchangani akiwatazama wenzake. Kama ataingia tena, hajui, na Fundi hajamuuliza. Suti yenyewe alimruhusu Fundi aikate viraka, kwa kuwa mpira wake bado ulikuwa mzuri.

Alipomaliza kuikata, Fundi alijinyoosha juu ya ile meza ndefu, mgongo ukalia ko-ko-ko. Mteja akapiga hodi mlangoni.

"Rudi baadaye," akajibu bila kufumbua macho. "Fundi amelala."