Mpenzi wa Mijusi

Jirani yangu anauza mijusi wa buluu, wale wasiopatikana popote duniani ila kwenye msitu wa kilima kimoja. Anawapenda, eti. Kila asubuhi anawanyunyizia maji, anawabeba kwa vidole viwili, na hakuna aliyewahi kukatika mkia mikononi mwake. Ukimwambia anawamaliza, anakushika bega: "Mdogo wangu, mimi nawalea. Wewe unapiga domo tu mtandaoni." Jana shemeji yake alimpigia simu kwamba msitu unaungua. Nilikuwa mlangoni kwake, na ndani kulikuwa na mteja. Hakushtuka. Aliuliza tu, "Wote?" Alipojibiwa wote, akamnyang'anya mteja kopo lenye mijusi wawili, kwa upole uleule. "Samahani, mzee wangu. Hawa sasa ndio wa mwisho. Ile bei ya asubuhi isahau." Halafu akaanza kupiga mluzi.