Sauti Aliyoigawa Vilasini

Mwalimu Vilasini alifundisha Kimalayalam, lugha yetu, katika sekondari ya mji wetu wa Ottapalam mpaka akastaafu, nami nilifundisha hisabati chumba cha pili. Ukuta uliotutenga ulikuwa mwembamba. Mara nyingi nilikuwa nikiandika hesabu ubaoni huku nikimsikia ng'ambo akiwasomea watoto mashairi, na darasa langu zima linaacha kalamu na kusikiliza. Sikuwalaumu. Sauti yake haikuwa kubwa wala ya madaha. Ilikuwa safi tu, kila herufi ikitoka kamili, kama punje za mchele uliopetwa ukapeteka.

Tulikuwa majirani pia. Mumewe alifariki mapema, na mwanawe Prajosh akaenda Maskati, akapata kazi, akaoa, akakaa. Vilasini akabaki peke yake katika nyumba ya vigae karibu na njia ya reli.

Mwaka aliostaafu alijiwa na Jinesh, aliyekuwa mwanafunzi wetu, sasa mtu mzima anayetengeneza programu za kompyuta. Jinesh na wenzake walikuwa na chama cha programu huria. Walikutana kila Jumapili katika chumba kilicho juu ya duka la kutoa fotokopi, wakabishana kutwa kwa chai na maandazi ya ndizi.

"Mwalimu," alimwambia, "vipofu wetu wanasomewa simu na sauti ya bati. Kiingereza kina sauti nzuri kumi. Kimalayalam kina moja, na hiyo moja inaongea kama bawabu aliyeamshwa usingizini."

"Mimi nifanye nini?"

"Utuazime yako. Unasoma sentensi, tunarekodi, kompyuta inajifunza. Baadaye mtu akiandika neno lolote, linasomwa kwa sauti yako."

"Mwataka niwaazime au niwape?"

Jinesh akacheka kidogo. "Kusema kweli ni kutupa, Mwalimu. Tukishaitoa ni huria. Yeyote aichukue, aitumie, aibadilishe, ampe mwenzake. Hatuuzi, na hakuna wa kuombwa ruhusa."

"Hata mtu nisiyempenda?"

"Hata huyo. Tukianza kuchagua nani anafaa na nani hafai, tutakuwa mabwana wa lango kama wale tunaowalaumu."

Vilasini aliwaza, akatia saini. Msimu mzima wa kiangazi alikwenda kwenye kile chumba, wakaegemeza magodoro ukutani kuzuia kelele za mabasi, naye akasoma sentensi ambazo hazikuwa na kichwa wala miguu. Alirudi nyumbani akiniigizia kwa kicheko: "Mjomba wa daktari amenunua bata wawili. Je, kesho mvua itapanda gari moshi?"

Sauti ikatolewa. Haukupita muda mrefu, mlangoni pake akaja mwanamke kipofu, fimbo mkono mmoja, simu mkono wa pili. Alikuwa Sainaba, mwalimu wa muziki wa ng'ambo ya reli.

"Nimekuja kumwona anayenisomea gazeti," alisema. "Jana dada umenisomea bei ya dagaa na matangazo ya vifo. Nikasema huyu mtu ananijua siri zangu zote, mimi sijui hata anapika nini."

Siku hiyo Vilasini alikuwa amepika muhogo na mchuzi wa samaki wa ukwaju. Sainaba akakaa, akala, akaomba tena. Tangu hapo kila Ijumaa jioni alikuja. Nilizoea kuwasikia barazani wakichekana, mmoja akisimulia na mwenzake akimkatiza.

Kisha koo la Vilasini likaanza kukwaruza. Alidhani ni vumbi la chaki la miaka yote ile. Ilikuwa kansa. Huko Thrissur madaktari walimpasua, wakaondoa kikoromeo chote, wakamwachia tundu shingoni la kupumulia. Akapona. Sauti ikaenda na kile walichokata.

Akawa anafunga skafu ya pamba shingoni. Akitaka kusema neno, aliandika kwenye simu, na simu ikasema kwa sauti yake mwenyewe, ileile ya darasani. Watu hawakuweza kuizoea. Muuza maziwa alirudi nyuma hatua nzima, karibu amwage kopo. Prajosh alipopiga simu ya video, alivumilia siku mbili tatu, halafu akamwambia, "Mama, usiongee na hiyo. Niandikie tu nisome. Nikiisikia nadhani ni wewe, kisha naona mdomo umefumba."

Akaacha. Akaacha pia kwenda sokoni kwa mazungumzo, akaacha harusi, akaacha hekalu siku za watu wengi. Sisi majirani tulimwonyesha kwa mikono, naye akatujibu kwa kichwa. Nyumba yake ikawa kimya kiasi cha kusikia kifuniko cha sufuria kikichezacheza jikoni.

Kwa Sainaba peke yake ndiko alikobaki mtu wa kuongea. Sainaba hakuona skafu wala mdomo uliofumba. Kwake yeye rafiki yake alikuwa ameugua, amekwenda Thrissur, amerudi, na sasa anafikiri kidogo kabla ya kujibu. "Dada umekuwa na busara siku hizi," alimtania. "Zamani ulikuwa unanijibu kabla sijamaliza."

Ndipo uchaguzi wa kata ukafika, na Sainaba akagombea. Hakuwa na chama. Alichotaka ni njia ya miguu iliyo salama kutoka stesheni hadi shuleni, na mfereji wa maji machafu ufunikwe, maana aliwahi kutumbukia humo. Watu walimpenda, na wakubwa wa vyama wakaanza kumwangalia kwa makini.

Wiki ya mwisho ya kampeni, Vilasini alitoka kununua samaki. Muuza samaki, Mzee Beeran, alimwona kwa mbali akaweka kisu chini.

"Alhamdulillah, Mwalimu, sauti imerudi. Nimefurahi mimi, mke wangu kafurahi. Lakini hayo uliyosema, kwa kweli sikuyatarajia."

Vilasini alimtazama bila kuelewa. Mzee Beeran akatoa simu yake, akamsikilizisha alichotumiwa asubuhi. Kila nyumba ya kata ilikuwa imekipata.

"Mimi ni Mwalimu Vilasini," sauti ilisema, safi, kila herufi kamili. "Nimekaa na Sainaba miaka mingi. Msidanganyike. Si kipofu. Anaona vizuri tu. Fimbo ni ya kuombea kura."

Alikuja kwangu mbiombio, samaki kawasahau. Hakuandika kitu. Alikaa kwenye kiti changu akishika shingo, na pumzi ikipiga mluzi kwenye lile tundu.

Tulikwenda polisi pamoja na Jinesh. Afisa alikuwa mpole, akatuagizia chai. Alisikiliza, akaikuna sharubu. "Kusingizia mtu ni kosa, hilo nitaliandika. Lakini kuhusu sauti, mlalamikaji ni nani hasa? Mama huyu alisaini mwenyewe kwamba kila mtu aitumie."

"Hakusaini watu wamsemee uongo," Jinesh alisema.

"Kijana, mmeacha mlango wazi, mkaandika juu yake karibuni wote. Sasa mnaniuliza nani kaingia."

Aliahidi kufuatilia. Mpaka leo hatujui ni nani aliyetuma.

Mkutano wa mwisho wa Sainaba ulifanyika uwanja wa shule yetu, jioni, ubao mweusi ukiwa umetolewa nje na kuandikwa alama yake ya uchaguzi. Watu walijaa, lakini walikaa mikono kifuani. Vilasini alipanda jukwaani bila kualikwa. Akafuta alama ubaoni kwa kiganja, akachukua chaki, akaandika kwa ule mwandiko ambao nusu ya uwanja ilijifunzia: *Sauti ni yangu. Maneno si yangu.* Kisha akafungua skafu.

Walio mbele wakainamisha macho. Nyuma kabisa mtu akapaza sauti, "Basi aseme mwenyewe tumsikie."

Vilasini akamtafuta kwa macho, akampata. Akaandika: *Siwezi, Sathyan. Keti.*

Uwanja ukacheka, na Sathyan, mtu mwenye ndevu na duka lake la vyuma, akaketi.

Sainaba alikuwa kiti cha mbele, uso ameuelekeza kule chaki ilikosikika. "Rosamma," aliniita, "wanacheka nini? Kaandika nini?" Nikamsomea. Nikamweleza na habari ya skafu iliyofunguliwa. Akaikunja fimbo yake na kuikunjua.

Alishindwa kwa kura chache. Wengine walisema angeshindwa vyovyote. Wengine walisema wangempa, ila waliona vibaya kumchagua mtu mwenye maneno maneno. Hata waliouona ubao kwa macho yao, kuna walioniambia, "Lakini Mwalimu alisema mwenyewe kwenye simu."

Ijumaa iliyofuata muhogo ulichemshwa, ukapoa. Ijumaa ya pili pia. Nikavuka reli kumfuata Sainaba.

"Simlaumu," aliniambia. "Najua si yeye. Ni masikio yangu ndiyo hayajui. Wewe unamjua mtu kwa sura, Rosamma. Mimi uso wa mtu ni sauti yake. Na uso ule umenitukana mbele ya kata nzima. Nikiusikia nazima simu. Hata gazeti siku hizi nimerudi kusomewa na yule bawabu."

Ujumbe huo sikuupeleka. Vilasini aliukisia mwenyewe.

Jinesh naye hakulala vizuri siku zile. Chama chao kiligawanyika. Yeye, aliyekuwa wa kwanza kuhubiri huria, sasa alitaka liwekwe sharti kwamba sauti isitumike kumchafua mtu. Wenzake wakamuuliza kama mchafuzi ndiye husoma masharti. Mmoja akasema sauti si msimbo wa kompyuta, ni kiungo cha mtu, na hawakuwa na haki ya kuipokea tangu mwanzo. Walikaribia kushikana mashati.

Katikati ya hayo akaja mwanamke wa kampuni moja ya Bengaluru, sari ya pamba ya gharama na maneno matamu. Alikaa barazani, mimi nikiwapo. Kampuni ingeichukua sauti iwe yake, iiboreshe, na imshtaki yeyote atakayeitumia vibaya. Toleo la bure lingeondolewa. Vipofu wangelipia kidogo kwa mwezi.

Vilasini alizima spika ya simu, akaandika, akamgeuzia asome: *Na mtoto kipofu wa milimani Attappadi?*

"Tutakuwa na mpango wa hisani, mama."

*Nimefundisha shule ya serikali maisha yangu yote. Mipango ya hisani naijua.*

Mgeni alitabasamu, akamaliza chai, akaondoka na bajaji yake iliyokuwa ikimsubiri. Jinesh, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akasema, "Mwalimu, ukitaka tuifute, nitaifuta leo. Nakala zimeshatapakaa, lakini kwetu haitakuwapo. Sema tu."

Aliandika kwa muda mrefu. Jinesh akasoma kwa sauti ili nami nisikie: "Nimefundisha nusu ya mji huu kuandika. Wapo walioandika matusi ukutani kwenye choo cha stesheni, kwa mwandiko wangu. Sikwenda kuwanyang'anya alfabeti. Iacheni. Lakini tafuteni sauti nyingine, nyingi, isiwe yangu peke yake. Mzigo huu ni mzito kwa mtu mmoja."

Jinesh alipokwenda, akaniandikia mimi neno moja zaidi: *Inauma.*

Basi mvua za Juni zikaingia, na kwenye kile chumba cha juu ya duka wakaanza kurekodi wengine. Alikuwapo binti karani, na kondakta mstaafu wa basi aitwaye Kuttappan, sauti nzito ya kokoto. Vilasini alikaa nao. Mtu akila herufi, aligonga meza kwa penseli, na msomaji akarudia. Kuttappan alilalamika kwamba abiria wa miaka thelathini hawakuwahi kumsahihisha hivyo. Penseli ikagonga tena.

Akitoka hapo alirudi nyumbani, akafunga madirisha ya upande wa mvua, akapika uji wa mchele wa mtu mmoja. Hakuiwasha tena sauti yake kwa mtu yeyote. Mara moja nilimkuta stesheni amesimama chini ya kipaza sauti, treni ya Palakkad ikitangazwa kuchelewa, na ni yeye aliyekuwa akitangaza. Abiria wakampita wakikimbia mvua. Nilitaka kumgusa bega, nikaona nimwache.

Mvua zilipopungua, Sainaba alikuja. Nilikuwa barazani kwangu, nikamwona akipima ukingo wa mfereji kwa fimbo, mfereji uleule usiofunikwa. Vilasini alimkalisha. Kisha Sainaba akauliza, "Leo una sauti gani ya kuongelea?"

Vilasini akachagua kwenye simu, akaandika. Ikatoka sauti ya Kuttappan: "Karibu. Muhogo upo jikoni."

Sainaba alicheka mpaka akashika mbavu. "Dada, naona kama unaniita nipande basi." Kisha kicheko kikakatika, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Sema kingine," alisema.

"Sijui niseme nini," sauti ya kondakta ikajibu.

"Chochote tu."

Vilasini akamweleza habari za paa linalovuja, na mjukuu wa Maskati aliyeanza kutambaa, na mimi niliyevunja birika lake. Sainaba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayetafuta njia kwenye nyumba iliyohamishwa vyombo.

Siku hizi huja Ijumaa moja moja, si kila wiki kama zamani. Jioni ikifika, Vilasini humsindikiza hadi kivuko cha reli, mkono wa mmoja kwenye kiwiko cha mwenzake, simu ikiwa mfukoni. Wakifika hupeana mikono. Sainaba huvuka akigonga fimbo kwenye mawe, na Vilasini husimama hapo mpaka mlio wa fimbo hausikiki tena, ndipo hurudi kwake kuwasha taa ya baraza.