Fundi Aliyeunga Juu ya Zinki

Mimi shule siijui, lakini nimeuza maziwa kwenye gereji moja hapa Lushoto mpaka fundi akiwasha moto tu najua kitu kitashika au hakishiki. Mafundi wanayanywa, wanasema yanatoa moshi kifuani. Moshi wa zinki ni mweupe, mzito. Ukiuona, ujue mtu hajakwangua zinki iliyopakwa juu ya bati, na kiungo hakitashika.

Sasa mlango wa nyuma wa pikapu ya mwanangu ulioza. Fundi akachukua kipande cha bati la zinki kilichobaki kwenye paa la choo chake, akaanza kukiunga mlangoni kwa shaba ya kuyeyusha. Moshi mweupe, puu! Nikamwambia, "Baba, kwangua kwanza."

Akanijibu kwa kile kisauti chake cha puani, "Bibiii, nimeona kwenye simu, wanaotengeneza magari wanaunga kwa mwanga wa leza, bati na zinki yake hivyo hivyo. Wewe kakamue ng'ombe." Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi.

Shaba ile haikulala kwenye bati. Ilitoka vitundu vitundu kama mkate wa kumimina. Akapaka rangi juu, kikapendeza.

Jumatano mdogo wangu akapanda nyuma na kabichi zake kwenda Soni. Kwenye kona mlango ukaachia. Kabichi bondeni, yeye kwenye lami, nyonga imevunjika. Mwanamke aliyekuwa anapanda mlima na mzigo kichwani, leo anabebwa kwenda chooni.

Fundi akaja na sukari, kofia mkononi, kisauti sasa cha mchungaji kwenye msiba: "Shikamoo, bibi. Hii ni bahati mbaya tu."

Shikamoo yake sikuiitikia. "Bahati mbaya ndiyo inatoa moshi mweupe? Hao wa kwenye simu yako wanajua zinki yao imepakwa nene au nyembamba, wanapima na moto wake. Wewe umepima nini? Choo?"

Akaung'oa mlango, akaunga upya. Nikakaa palepale namtazama.

"Tayari, bibi. Hii hata tembo aegemee."

"Tembo hatuna. Panda wewe, egemea, twende mpaka Soni."

Akapandisha mguu mmoja. Akakitazama kile kiungo. Akaushusha.

"Ngoja kidogo, bibi. Huku pembeni sijakwangua vizuri."

Alikuwa anajua! Nyonga yake anaionea huruma, ya mdogo wangu aliipakia na kabichi.